Mama Mistari na Daktari Wake

Asubuhi ya upasuaji, daktari alivaa viatu vyake vya kazi kwa hasira, na mtu akivaa viatu kwa hasira hukosea mguu. Alikosea. Akavua, akavaa upya, akajiapiza kwamba siku hiyo hakuna mtu wa hospitali ile atakayemwona na macho mekundu.

Wote walimwita Bingwa, na yeye jina hilo alilipenda, hakuficha. Alikuwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, ila si wa kila ubongo. Yeye aliwashika wale ambao miili yao imekataa kuwatii: mkono unaotetemeka kikombe kikiinuliwa, shingo inayojigeuza bila kutumwa, miguu inayoganda mlangoni kama imepigiliwa misumari. Mdogo wake wa kike alizoea kumtania, "Dada, wenzako wakienda matembezini wanatazama nguo za watu. Wewe unatazama mikono yao inavyoning'inia. Nani atakuoa?"

Aliyetaka kumwoa alikuwa amesimama kwenye korido, karibu na mlango wa chumba cha upasuaji, amekumbatia koti la mama yake kama mtoto.

Huyo alikuwa mpima ardhi, mwanamume mrefu, mwenye macho ya mtu aliyezoea kutazama mbali. Ndiye aliyemleta mama yake kliniki mwaka uliopita. Alimleta mama, akajipeleka na yeye mwenyewe, moyo wake haukurudi tena nyumbani.

"Bingwa. Umelala?"

"Kidogo."

"Uongo."

"Basi sikulala. Wewe je?"

"Mimi nimehesabu mbao za dari mpaka nikazijua kwa majina." "Mama atatoka salama?"

"Tumejiandaa vizuri. Mkono utatulia. Hautapona kabisa, maana ugonjwa huu hauondoki, lakini utatulia ashike kikombe chake mwenyewe."

"Na sisi?"

Bingwa akatazama pembeni. Swali hilo alilijua lingekuja, na bado lilimchoma.

"Sisi tulishajibiwa," akasema.

"Jana nimemwuliza tena. Akanijibu yale yale. Kwamba umenizidi umri. Kwamba mke anayeishi hospitalini si mke, ni mgeni mwenye ufunguo. Akanigeuzia mgongo." Akasogea hatua moja, akakumbuka walipo, akarudi nyuma. "Nimekubali ile kazi ya kupima barabara, kule mbali. Mwaka mzima. Gari linaondoka kesho jioni. Lakini sema neno moja tu, nabaki. Sema tuoane hivi hivi. Mama atazoea."

"Mimi nyumba ya watu siingii kwa dirisha."

"Hicho ni kiburi, Bingwa."

"Ndiyo. Nimekisomea miaka mingi, siwezi kukitupa asubuhi moja."

Wakatazamana. Kutazamana ndiko kulikokuwa mapenzi yao yote. Hospitali ile ilikuwa na sheria yake: daktari hamtibu ndugu, wala mwenzi wake, wala mkwe. Wahenga walisema mganga hajigangi, na hospitali ikaongeza na wa nyumbani kwake. Siku ile ile mpima ardhi alipomtamkia neno la ndoa, Bingwa alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa idara akamweleza, maana hakutaka kuja kusutwa. Mkuu akamwambia, "Siku familia yake itakapokubali, mgonjwa unamkabidhi kwa mwenzako. Kabla ya hapo fanya kazi yako, na msionane pembeni." Hawakuonana pembeni. Walionana kwenye korido, mbele za watu, macho yakisema yale ambayo midomo imekatazwa.

"Basi nakutakia kazi njema," mpima ardhi akasema.

"Na mimi nakutakia barabara iliyonyooka," akajibu Bingwa, akasukuma mlango akaingia. Ndani akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, polepole, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

* * *

Mama yake mpima ardhi, Mama Mistari, alikuwa amelazwa nusu ameketi, kichwa kimenyolewa na kubanwa ndani ya fremu ya chuma. Aliwekewa ganzi ya ngozi tu, hakulazwa usingizi, kwa sababu upasuaji wa namna hii unamtaka mgonjwa awe macho. Daktari wa upasuaji, mzee asiyependa maneno, alikuwa nyuma ya pazia la kijani akipitisha uzi mwembamba wa waya mpaka ndani ya ubongo. Bingwa alikaa mbele, uso kwa uso na mgonjwa, na kisanduku cha kupandisha na kushusha umeme wa waya huo mkononi. Kazi ya yule mzee ilikuwa kufika mahali. Kazi ya Bingwa ilikuwa kusema kama mahali penyewe ndipo.

"Mnaniona?" Mama Mistari akaguna. "Vichwa vya mabibi harusi wote wa mji huu vimepita mikononi mwangu. Leo changu kimekuwa yai."

"Yai zuri," akasema muuguzi.

"Yai ni yai, binti yangu. Usinifariji."

Alikuwa msusi, na jina la Mama Mistari alipewa na wateja kwa sababu mstari aliougawa kichwani haukupinda hata unywele mmoja. Kisha mkono ukaanza kutetemeka. Kidogo kwanza, kwenye chanuo, halafu sana. Akafunga saluni akiwaambia watu amechoka, maana aliona heri aitwe mvivu kuliko kuhurumiwa.

Wagonjwa wengine hupewa kalamu wachore duara mbele ya daktari. Mama Mistari kliniki aliisukuma kalamu ile akasema yeye si mtoto wa chekechea. Bingwa hakumlazimisha. Leo alikuwa amefunga nyuzi tatu nyeusi za sufu kwenye chuma cha kitanda, ndefu kama nywele.

"Nisukie," akasema.

Mama Mistari akazitazama zile nyuzi, akamtazama daktari, akanyoosha mikono. Vidole vikaruka ruka hewani, nyuzi zikamkimbia. Akajaribu tena, uzi ukaanguka. Mdomo wake ukakaza. Bingwa aliona aibu ile ikipanda usoni mwa mama yule, akatamani kuishika mikono yake, lakini daktari aliyekaa pale hakuwa na nafasi ya kutamani.

"Napandisha," akasema. "Vidole vinawasha?"

"Kama nimeukalia mkono."

"Itapita. Endelea kusuka."

Akapandisha tena kidogo. Na mkono ukatulia.

Haukupungua tu. Ulitulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Hata yule mzee nyuma ya pazia akasita. Mama Mistari akashika uzi wa kwanza, akapitisha wa pili juu, wa tatu chini, akavuta. Msuko ukaanza kushuka, mwembamba, umekaza, sawa sawa. Muuguzi akajifuta jicho kwa bega.

"Huo hapo," Mama Mistari akasema kwa sauti ndogo. "Huo ndio mkono wangu. Nilidhani nimeuzika."

"Nipigie soga," Bingwa akamwambia. "Wakati unasuka, ongea."

"Soga gani?"

"Yoyote. Kama uko saluni."

Mama Mistari akaanzisha habari ya bibi harusi mmoja aliyelala usingizi kitini mpaka bwana harusi akaja kumtafuta. Lakini habari haikufika mbali. Maneno yalianza kuburuta, ulimi umekuwa mzito kama wa mlevi. Bingwa akashusha umeme. Ulimi ukarudi, na mtetemeko nao ukarudi, mdogo, kwenye ncha za vidole.

"Rudisha juu!" Mama Mistari akafoka.

"Ulimi wako ulizama, mama."

"Uzame! Nichagulie mkono. Nitaishi kimya."

"Wewe? Kimya?" akauliza muuguzi, akacheka bila kutaka.

"Mama," Bingwa akasema, "wateja wako walikuja kwa ajili ya mkono, lakini walirudi kwa ajili ya mdomo. Sikupi kimoja. Nitautafuta usawa mpaka uvipate vyote viwili. Si leo tu. Betri ya kuendesha waya huu ikishawekwa kifuani, utakuwa unakuja kliniki, tunapandisha kidogo, tunashusha kidogo, mpaka ukae sawa."

"Utautafuta wewe?"

"Mimi au mwenzangu."

"Nimeuliza wewe."

Yule mzee akasema kutoka nyuma ya pazia kwamba anasogeza waya kidogo, wasubiri. Wakasubiri. Kwenye kungoja huko, Mama Mistari akashusha sauti, ingawa chumba kilikuwa kidogo na kila mwenye masikio alisikia.

"Mwanangu anaondoka kesho."

"Najua."

"Na wewe umemwacha tu aende."

"Mwenye uwezo wa kumzuia hakuwa mimi, mama. Alikuwa wewe, kwa neno moja."

"Unanichukia."

"Ningekuchukia, saa hizi ningekuwa nyumbani nimelala."

"Basi mbona hukubembeleza?" Mama Mistari akauliza, na macho yake yakawa yanataka jibu kweli kweli. "Wasichana wengine wangekuja mlangoni kwangu na zawadi. Wangeniita mama mpaka nikachoka. Wewe unakuja kliniki, 'nyoosha mikono, gusa pua', basi!"

"Sibembelezi ndoa. Kama sifai, sifai."

"Nani kasema hufai?"

Bingwa akainua macho.

"Nilisema umemzidi umri," Mama Mistari akaendelea. "Umri wa nini? Baba yake mwenyewe nilimzidi, na mpaka anakufa hakujua. Niliyatunga yale. Siku mwanangu alipokuja na furaha zake kuniambia habari zako, akanieleza na ile sheria yenu. Akasema, 'Mama, ukisema ndiyo watakupa daktari mwingine, usijali.' Nikajali. Kabla yako niliambiwa ni uzee, nikaambiwa ni wasiwasi, kuna mmoja alininusa mdomo kama nimelewa. Wewe ulinishika mkono ukautazama unavyotetemeka, hukugeuza uso. Ukasema, 'Huu ni ugonjwa, una jina, na si aibu yako.' Nikasema moyoni, huyu simwachi. Nikasema hapana. Na kila nilipoulizwa, hapana. Kama wewe si mkwe wangu, basi ni daktari wangu."

Mashine ilikuwa inalia pi, pi, pi. Muuguzi alikuwa amekazia macho trei ya vifaa kama hajawahi kuona mkasi.

Bingwa akataka kukasirika, na sababu alikuwa nayo. Mwaka mzima wa kutazamana kwenye korido! Mwaka mzima wa kurudi nyumbani kwake akijiuliza ana upungufu gani. Na chini ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kingine, kitamu. Kati ya watu wawili waliokuwa wakimgombania, kumbe mmoja alikuwa mama mtu!

Ndipo akahisi kidole gumba chake kinacheza juu ya kisanduku.

Kilicheza kidogo sana. Mtu mwingine asingeona, lakini yeye kazi yake ilikuwa kuona hayo. Akajua papo hapo kwa nini sheria ile iliwekwa. Akageuka kwa daktari kijana aliyekuwa amesimama nyuma yake tangu asubuhi, mwembamba, aliyerudi masomoni hivi karibuni, mwenye adabu mpaka zinamwagika.

"Shika wewe," akamwambia. "Endelea."

"Mimi, daktari?"

"Kwani nimemwita nani?"

Kijana akakaa. Mzee akasema tayari. Bingwa akarudi nyuma hatua mbili, akafunga mikono kifuani, akajizuia kufungua mdomo, na kujizuia huko kulimgharimu kuliko upasuaji wowote aliowahi kusimamia.

"Mama, naomba tusuke," kijana akasema. "Na ile habari ya bibi harusi, alipokuja bwana harusi ikawaje?"

Mama Mistari akaanza kusuka. Kijana akapandisha, akasikiliza, akabadilisha njia ya umeme kwenye waya, akapandisha tena nusu ya nusu. Bingwa aliona alichofanya. Yeye angepitia njia nyingine, ndefu kidogo. Mama Mistari akasimulia: bwana harusi akaingia saluni, akamkuta bibi harusi anakoroma, akavua koti akamfunika, akakaa sakafuni akangoja. Habari ilitoka yote, maneno yamenyooka, na msuko ukashuka mpaka mwisho wa uzi bila kupinda.

"Hapo!" Mama Mistari akasema. "Daktari, umepata. Hapo hapo, usiguse tena."

"Si mimi," Bingwa akasema kutoka nyuma. "Ni huyu."

"Nani? Huyu mtoto?"

"Huyu. Anachokijua, kingi nimemfundisha mimi. Na nisichokijua mimi, amekuja nacho yeye."

Mama Mistari alikuwa ameshika msuko wake, anautazama.

Walipokuwa wanamfungua fremu, Bingwa akainama karibu na sikio lake. "Uliyosema hapa ni siri ya mgonjwa wangu. Mwanao hatayasikia kwangu, hata akiondoka. Ukitaka ayajue, utamwambia mwenyewe."

"Hata akiondoka?"

"Hata akiondoka."

"Wewe una kiburi, binti," Mama Mistari akanong'ona.

"Ndiyo, mama."

* * *

Kesho yake, mchana, madaktari walipita wodini na mkuu wa idara mbele. Mama Mistari alikuwa amelala chali, kichwa kimefungwa bandeji nyeupe, mikono juu ya shuka, imetulia. Mpima ardhi alikuwa pale, begi lake sakafuni. Alikuja kuaga.

Bingwa akaeleza hali ya mgonjwa kwa ufupi, kama anavyoeleza ya mgonjwa yeyote: usiku ulipita vizuri, hakuna homa, betri itawekwa wiki ijayo. Sauti yake haikutikisika. Alipomaliza, mpima ardhi akamkaribia.

"Nakwenda," akasema. "Una neno?"

Alikuwa nalo. Lilikuwa limemjaa mdomoni kama maji ya moto. Angelitamka, mtu huyu angeshusha begi lake pale pale. Lakini neno lenyewe halikuwa lake. Akamtazama Mama Mistari. Mama Mistari alikuwa anatazama dari.

"Sina," akasema.

Mpima ardhi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesoma kipimo akakuta ni kile kile alichokiogopa. Akainama, akaokota begi, akambusu mama yake juu ya bandeji, akaelekea mlangoni. Bingwa alimtazama akitembea. Bega moja lilikuwa limeshuka kuliko jingine, na safari hii hakuhitaji elimu yoyote kujua sababu.

"Mkuu!" Mama Mistari akaita. "Mkuu wa idara ni nani hapa?"

"Mimi, mama."

"Nina malalamiko. Huyu daktari, huyu Bingwa wenu, simtaki. Nataka mwingine."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akashusha gazeti. Mpima ardhi akageuka mlangoni, uso umemwiva kwa aibu.

"Mama! Mtu amekurudishia mkono wako, jana tu, leo unamfukuza mbele za watu?"

"Nyamaza wewe. Nakuposea."

Hakuna aliyeelewa kwa haraka. Mkuu wa idara akavua miwani.

"Mama, nisamehe. Daktari huyu amefanya kosa gani?"

"Kosa hana. Kasoro ndiyo anayo. Ni mkamwana wangu, na sheria yenu hairuhusu. Mnipe yule mtoto mwembamba. Anajua kusikiliza habari."

Begi likaanguka. "Lakini ulisema umri," mpima ardhi akasema. "Ulisema mgeni mwenye ufunguo. Mama, ulisema..."

"Nilisema mengi. Niliogopa kuachwa na daktari wangu, nikakuacha wewe uteseke. Hilo tutakaa tulizungumze, na utanifokea, na nitanyamaza. Sasa hivi nina kazi."

Wote wakamgeukia Bingwa. Daktari kijana alikuwa anacheka peke yake, mkono mdomoni. Bingwa alisimama wima, koti lake jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu, na kila kitu ndani yake kilikuwa kinakimbia. Lakini alisimama.

"Mama," akasema, "posa ya kulala chali mimi siipokei."

Muuguzi akashika kichwa. Mama Mistari akamkazia macho, muda mrefu. Kisha tabasamu likamtoka, pana, tabasamu la mtu aliyekutana na saizi yake.

"Niketisheni!"

Wakamketisha, mito mgongoni. Akanyoosha shingo. Akaweka mikono yake miwili magotini, wazi, ionekane na kila mtu.

"Binti," akasema, "sijawahi kumwomba mteja aje kwangu. Walikuja wenyewe. Leo naomba. Nakuombea mwanangu, na najiombea na mimi. Daktari nitapata mwingine. Wewe, sitapata mwingine."

Bingwa akamgeukia mpima ardhi. Kwa mara ya kwanza alimtazama bila kuangalia kwanza nani yupo.

"Nisiende?" mpima ardhi akauliza.

"Nenda," akasema Bingwa. "Sitaki mume aliyeacha kazi yake kwa ajili yangu, maana mimi yangu siachi kwa ajili yako. Lakini kila mwisho wa mwezi uje. Na hiyo barabara, ipime ya kwenda na ya kurudi."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Ulitaka niimbe?"

Yule wa gazeti akapiga makofi, wodi nzima ikamfuata. Mkuu wa idara akavaa miwani yake, akamwonyesha daktari kijana kitanda kwa kichwa, kwamba mgonjwa sasa ni wake. Kijana akasogea kwa adabu zake zote. Bingwa akampisha upande ule wa daktari, akazunguka kitanda, akaja upande wa pili, ule wa ndugu. Akafungua kifungo cha juu cha koti, akaketi juu ya shuka, akamsikiliza daktari wa mama mkwe wake.